Baada ya Arubaini: Historia ya Mwili wa Mama Karagwe na Kyerwa



Bibi harusi hufundishwa mengi. Somo humweka ndani, humsinga, humfukiza udi, humweleza habari za mume, za unyumba na za usafi. Mtoto akizaliwa mafunzo yanaendelea: maji ya moto, kukandwa, kufungwa tumbo, uji wa pilipili manga, na siku arubaini za kukaa ndani. Arubaini ikitimia mama anatoka, nyumba inafukizwa, wageni wanakula, na hapo mafunzo yanaishia. Hakuna somo anayemwambia mwari atakavyokuwa akifika miaka 48, hedhi inapoanza kumpiga chenga na kiuno kinapouma bila sababu anayoijua.

Hospitali nazo hazijafanya tofauti sana. Shirika la Afya Duniani huhesabu kifo cha uzazi kuwa kile kinachotokea mama akiwa mjamzito au ndani ya siku 42 baada ya mimba kumalizika. Arubaini yetu na siku 42 zao zimepishana siku mbili tu. Baada ya hapo mama amepona, kadi ya kliniki inawekwa kabatini, na macho yote yanamgeukia mtoto.

Lakini mwili haufungi hesabu siku ya arubaini. Mimba, uchungu, kunyonyesha, kuzika mtoto, kukosa mtoto, kulea mtoto wa marehemu, vyote hivi hukaa mwilini na kurudi kudai haki yao mwanamke akiwa mtu mzima. Leo nataka tulitazame jambo hili kwa jicho la historia. Sitalitazama hapa kwetu baharini, bali mbali kabisa, magharibi ya Ziwa Victoria, katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera. Zamani nchi hiyo ilikuwa dola moja, ufalme wa Karagwe. Kyerwa ilikatwa kutoka Karagwe na kuwa wilaya yake mwaka 2012. Mto Kagera unazitenganisha na Rwanda, na upande wa kaskazini ni Uganda. Ni nchi ya vilima, migomba, kahawa na ng'ombe. Na isidhaniwe kuwa haituhusu, maana misafara iliyoiandika Karagwe kwa mara ya kwanza ilitoka Unguja.

Vibuyu vya maziwa

Septemba 1860, Waingereza John Hanning Speke na James Grant waliondoka Unguja na wapagazi wao. Miongoni mwa watu wao alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa mkalimani na kiongozi wa watu wa msafara. Novemba 1861 walifika kwa Omukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe. Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani walikuwa wameshafika huko kabla yao na walikuwa na kituo mahali paitwapo Kafuro. Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta hapo Ahmed bin Ibrahim, Mwarabu aliyekwisha kuwa mwenyeji.

Speke alistaajabu kuona wanawake wa ukoo wa mfalme walivyo wanene. Wake wa jumba la mfalme walinyweshwa maziwa tangu wakiwa wadogo, kwa sababu unene ulikuwa ndio uzuri na ndio heshima ya mume. Mmoja wa shemeji za mfalme hakuweza kusimama wima bila kusaidiwa. Speke akaomba ampime. Aliandika mzunguko wa mkono wake kuwa futi 1 na inchi 11, yaani karibu sentimita 58, na paja futi 2 na inchi 7. Pembeni alikaa binti wa mama huyo, wa miaka 16, ananyonya maziwa kwenye chombo, na baba yake amesimama na fimbo ili asiache.

Habari hii imesimuliwa mara nyingi kama kichekesho cha safari. Mimi naisoma kwa namna nyingine. Hapo alikuwapo mama wa binti wa miaka 16, mwanamke anayeelekea utu uzima, na mgeni mwenye kalamu na kamba ya kupimia. Aliandika mikono na mapaja. Uzazi wake, miguu inayouma, pumzi inayokatika, hayo hayakumshughulisha. Ndivyo historia ilivyotuandika wanawake mara nyingi: umbo tunaandikiwa, maumivu hatuandikiwi.

Tusicheke sana pia. Hata kwetu mwari huwekwa ndani asione jua, alishwe apate mwili, atoke aking'ara siku ya harusi. Nia ni njema. Ila mwili unaotengenezwa kwa ajili ya siku moja ndio utakaobeba mimba, kulea, na kuzeeka.

Wanawake wa kawaida wa Karagwe, wasio wa jumba la mfalme, hawakunyweshwa maziwa. Wao walilima, walibeba maji na kuni, walibeba watoto mgongoni. Kisha miaka ya 1890 ilipoingia sotoka ikafyeka ng'ombe wa Maziwa Makuu, na pamoja na ng'ombe yakaondoka maziwa yenyewe. Wajerumani wakatawala, wakafuatiwa na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kahawa ikawa zao la fedha, na mkono wa mwanamke ukaongezewa kazi.

Walionyimwa watoto

Tunapozungumza habari za umama hatuwezi kumsahau aliyeutamani akaukosa. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, nchi za jirani za Buhaya na Buganda zilijulikana kwa uzazi mdogo. Mwanahistoria Shane Doyle ameandika kwa kirefu juu ya jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu Buganda, Buhaya na Ankole. Sababu kubwa moja ilikuwa magonjwa ya zinaa, kaswende na kisonono, ambayo huziba mirija ya uzazi, huharibu mimba na kuua vichanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili dawa ya penisilini ilipoenea, uzazi ukapanda haraka.

Fikiria maana yake kwa wanawake wa vizazi viwili. Bibi aliolewa, hakupata mtoto, akaitwa tasa, pengine akaachwa, na mara nyingi ugonjwa wenyewe aliletewa ndani ya ndoa. Alifika utu uzima na maumivu ya nyonga yasiyoisha, bila mtoto wa kumtunza. Binti wa ndugu yake, aliyezaliwa dawa zikiwapo, alizaa saba au wanane mfululizo, akafika utu uzima na maradhi mengine kabisa. Nyumba ni moja, kijiji ni kimoja, ila miili imebeba historia mbili.

Mwanamke aliyezaliwa 1972

Ili tuelewe waliopo leo, tumchukue mwanamke wa mfano, si mtu ninayemjua, aliyezaliwa mahali fulani Karagwe mwaka 1972. Tumfuate kwa hesabu ya miaka tu.

Ana miaka 6 majeshi ya Idi Amin yanapovamia Kagera, Oktoba 1978, na vita vinaanza.

Ana miaka 11 mwaka 1983, wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania wanapogunduliwa mkoani kwake.

Ana miaka 15 Februari 1987, wataalamu wa dunia wanapokutana Nairobi na kuanzisha juhudi za Uzazi Salama. Miaka miwili kabla yake, madaktari Allan Rosenfield na Deborah Maine walikuwa wameuliza katika jarida la Lancet: katika huduma za mama na mtoto, mama yuko wapi? Kliniki zilikuwapo, Tanzania ilikuwa na mpango wa afya ya mama na mtoto tangu miaka ya 1970. Lakini mizani ilikuwa ya mtoto, chanjo ilikuwa ya mtoto, na mama alikuwa ndiye mbebaji wa mtoto.

Anaolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakati huo mwanamke wa Tanzania alizaa kwa wastani watoto zaidi ya 6. Takwimu za mwaka 1999 zinaonyesha kuwa katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikufa kabla ya miaka mitano, yaani karibu mtoto 1 katika kila 7. Kwa hiyo mama mwenye watoto saba, kwa hesabu ya wastani, alizika mmoja.

Ana miaka 22 mwaka 1994, mauaji ya kimbari ya Rwanda yanapotokea ng'ambo ya mto. Wakimbizi wanamiminika Ngara na Karagwe, na kinamama wanajifungua safarini na makambini.

Ana miaka 32 mwaka 2004, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zinapoanza kutolewa katika hospitali za umma. Kabla ya hapo, wangapi kati ya dada zake na mashoga zake walishazikwa?

Ana miaka 44 tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi linapoipiga Kagera na kubomoa nyumba. Ana miaka 46 mwaka 2018, nchi inapoanza kuwachanja wasichana wa miaka 14 dhidi ya virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo hiyo anaipata binti yake au mjukuu wake. Yeye imemkuta amechelewa.

Mwaka 2022 anatimiza miaka 50. Anakwenda zahanati kwa sababu presha iko juu, kiuno kinauma, na anahisi kitu kizito kinashuka sehemu za siri. Anaulizwa jina, umri na kijiji. Akibahatika ataulizwa pia: mama, ulizaa wangapi, na ulizaaje?

Mwili unakumbuka nini

Swali hilo lina maana kubwa ya kitabibu, dada zangu. Hebu tulipitie.

Mwanamke aliyepata presha ya mimba iliyofikia hatua ya kifafa cha mimba, au iliyokaribia, mara nyingi huambiwa amepona presha inaposhuka baada ya kujifungua. Utafiti mwingi umeonyesha kwamba uwezekano wake wa kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi baadaye ni karibu mara mbili ya mwenzake. Aliyepata kisukari cha mimba naye, hata kikiondoka, yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha ukubwani. Mimba ilikuwa kama mtihani wa moyo na sukari, ikaonyesha mapema wapi pana udhaifu.

Misuli inayoshika kibofu, kizazi na utumbo mpana hunyooka na kuchanika wakati wa kuzaa. Ikiwa uchungu ulikuwa mrefu, watoto walikuwa wengi, na mama alirudi shambani na kubeba ndoo kichwani mapema, misuli haipati muda wa kurudi. Anaweza kukaa miaka 15 bila dalili. Kisha hedhi inapokoma, homoni iliyokuwa ikilainisha na kuimarisha sehemu hizo inapungua, na kizazi kinashuka au mkojo unaanza kuvuja akikohoa. Yeye anadhani ni uzee, au amerogwa. Kumbe ni uchungu wa mwaka 1996 unarudi.

Uchungu uliokwama muda mrefu bila msaada unaweza kutoboa njia kati ya kibofu na uke, na hiyo ndiyo fistula. Wapo waliokaa nayo miaka mingi wakijificha. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa, Hospitali ya Bugando, Mwanza, hufanya upasuaji huo. Dar es Salaam, CCBRT huitibu bure, na tangu mwaka 2009 ilianza kutuma nauli za wagonjwa kwa M-Pesa kupitia watu wa vijijini, kwa kuwa nauli ndiyo iliyokuwa ikiwazuia wengi.

Damu nayo hukumbuka. Mimba zinazofuatana bila nafasi humaliza madini ya chuma, na mama huingia mimba ya nne akiwa hajalipa deni la ya pili. Shirika la Afya Duniani linashauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya mtoto kuzaliwa kabla ya kushika mimba nyingine. Sisi tunaosoma Qur'ani tunajua kuwa Suratul Baqara, aya ya 233, inataja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Wazee wetu waliofuata miaka miwili hiyo walikuwa wanailinda damu ya mama pia.

Si yote ni hasara. Kunyonyesha humlinda mama. Mwaka 2002 watafiti walikusanya tafiti 47 kutoka nchi 30 wakaona kuwa hatari ya saratani ya matiti hupungua kwa asilimia 4.3 kwa kila miezi 12 ambayo mwanamke amenyonyesha katika maisha yake. Mama wa Karagwe aliyenyonyesha watoto saba amejiwekea akiba asiyoijua. Lakini kuzaa mara nyingi kunaongeza hatari ya saratani ya mlango wa kizazi kwa mwenye virusi vyake, na saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Mwili mmoja unaweza kuwa na kinga upande huu na hatari upande ule.

Desemba 2023 jarida la Lancet Global Health lilichapisha hesabu kwamba kila mwaka wanawake wasiopungua milioni 40 duniani hupata tatizo la kiafya la muda mrefu litokanalo na kuzaa: maumivu ya tendo la ndoa, maumivu ya kiuno, kuvuja mkojo, wasiwasi, huzuni. Milioni 40 kila mwaka, na wengi wao wapo baada ya arubaini.

Umama wa mara ya pili

Kagera ina somo jingine ambalo nchi nyingi zimejifunza kutoka kwake. UKIMWI ulipowachukua wazazi vijana, bibi walianza kulea upya. Mwanamke wa miaka 50 na zaidi, aliyedhani amemaliza, alijikuta ana watoto wanne wa marehemu binti yake, na mdogo kabisa bado anamlilia usiku mama asiyerudi. Utafiti mkubwa wa kaya za Kagera, ulioanza mwaka 1991 na kurudi kwa familia zilezile mwaka 2004, ulionyesha kuwa mtoto aliyefiwa na mama alibaki mfupi kwa wastani wa sentimita 2, na alipoteza mwaka mzima wa masomo. Ndivyo uhai wa mama unavyopimika katika mwili wa mtoto.

Na mwili wa bibi je? Huko Nshamba, wilaya ya jirani ya Muleba, tangu mwaka 2003 mradi uitwao Kwa Wazee umekuwa ukiwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi, wengi wao bibi wanaolea wajukuu. Tathmini yake ya mwaka 2008 ilipewa jina la vitu ambavyo fedha hiyo ilinunua: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Ukisoma orodha hiyo utaona bibi mwenyewe hayumo. Humo hamna miwani yake wala dawa yake ya presha. Umama wa mara ya pili nao ulimfundisha kujiweka mwisho.

Tufanye nini sisi

Sikuandika haya kumtisha bibi harusi. Nimeandika ili asije akafika miaka 48 akashtuka.

Kwanza, tunza kadi zako za kliniki kama unavyotunza cheti cha ndoa. Ukipata presha au sukari wakati wa mimba, andika mwaka na mimba ya ngapi, na upimwe presha na sukari kila mwaka hata kama unajisikia mzima. Ukienda kwa daktari ukiwa mtu mzima, usisubiri kuulizwa. Mwambie ulizaaje.

Pili, usione haya kutaja mkojo unaovuja au kizazi kinachoshuka. Kuna mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, kuna pete maalumu ya kushikilia kizazi, na kuna upasuaji. Wapo kinamama walioacha kwenda msikitini na darsa kwa kuona aibu ya najisi. Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi walishalisemea hili zamani: asiyeweza kujizuia hujisafisha, hujifunga vizuri, hutawadha kwa kila sala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia, na sala yake inasihi. Dini haikumfukuza, basi na sisi tusimfukuze.

Tatu, ukifika miaka 30 kapime mlango wa kizazi. Kipimo cha kupaka siki kinafanyika hata katika vituo vya kawaida na majibu hupatikana siku hiyohiyo. Mwenye virusi vya UKIMWI aanze mapema zaidi. Binti yako naye apate chanjo.

Nne, masomo na makungwi, ongezeni somo moja. Mnapomfunda mwari, mwambieni pia habari za baada ya arubaini. Mwambieni na mume wake, maana yeye ndiye anayeamua mara nyingi nani abebe ndoo na mimba ijayo iingie lini.

Suratu Luqman, aya ya 14, inataja kwamba mama hubeba mimba kwa udhaifu juu ya udhaifu, kisha inaagiza kumshukuru. Siku zote tumeisoma aya hiyo tukimfikiria mama kijana mwenye tumbo. Tuisome pia tukimfikiria yule wa miaka 50, aliyekaa kwenye benchi la zahanati Kayanga, au Kyerwa, au Mkokotoni, akisubiri jina lake liitwe. Udhaifu ule hakuuacha siku ya arubaini. Amekuja nao, na anastahili aulizwe.

Leo ukipata nafasi, muulize mama yako alikuzaaje. Kaa chini umsikilize mpaka amalize, kisha umpeleke akapimwe presha.